Chembe Kumi na Moja

Tusekile Mwambene aliichagua kesi ya fundi Tweve kwa sababu ndiyo aliyokuwa na uhakika nayo kuliko zote.

Alikuwa amemaliza kuandika upya sehemu inayochota chembe kwenye programu yake ya kukadiria mionzi ya tanuri, na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote alitaka kuijaribu kwenye mahesabu ya zamani ambayo majibu yake yalikwishajulikana. Ukinunua mizani mpya, unaanza kwa kuweka kitu ambacho uzito wake unaujua. Kwenye hifadhi kulikuwa na mahesabu zaidi ya mia nne aliyoyafanya tangu aajiriwe. Ya Tweve jibu lake lilikuwa sifuri, na sifuri haina ubishi. Aliianzisha saa tatu asubuhi, akaenda kufua nguo.

Pale Tanuri la Ndumbi hapakuwa na wa kumkataza kufua saa za kazi, kwa maana hapakuwa na mtu mwingine. Tanuri lilijiendesha lenyewe: lilijilisha, lilijipoza, lilijirekebisha. Mafundi waliitwa mara mbili kwa mwaka kubadilisha valvu, wakaondoka. Sheria ilitaka tu awepo binadamu mmoja, msomaji, wa kuzisoma namba kila siku na kuweka sahihi chini yake. Zamani wasomaji walikuwa sita. Kila mkataba ulipoisha hakuletwa mwingine, na huu ulikuwa mwaka wa nne Tusekile yuko peke yake. Gari la vyakula lilikuja kila Jumanne bila dereva. Kuna siku alijikuta akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye mfuko wa sabuni, neno kwa neno, hadi kwenye anwani ya kiwanda, ili tu asikie Kiswahili kikizungumzwa ndani ya lile jengo.

Alianika nguo zake kwenye chumba cha pampu, ambako kulikuwa na joto. Dirishani uwanda ulikuwa bado mweupe kwa sakitu, umande ulioganda, na jua lilikuwa limeshapanda. Mei ilikuwa inaisha. Kilomita kumi na mbili kwenye mteremko wa uwanda kulikuwa na mji wa Igolwa, watu elfu hamsini, wengi wao wajukuu wa waliopanda milimani miaka ile joto la mabondeni lilipozidi hadi watu wakawa wanafariki vitandani mchana. Huku juu walilikimbia joto wakakutana na baridi. Nyumba zao zilipata moto kwa maji ya mabomba yaliyotoka tanurini, na maji ya kunywa yalipandishwa kwa umeme wa tanuri hilohilo.

Aliporudi, na beseni tupu mkononi, hesabu ilikuwa imekwisha. Jibu halikuwa sifuri. Lilikuwa elfu moja mia tatu na kumi.

Alisimama akiitazama ile namba. Kichwani mwake kulikuwa na namba nyingine ambayo hakuwa ameifikiria kwa miaka mingi, lakini ilikuja yenyewe bila kuitwa: elfu moja mia tatu na arobaini. Ndiyo iliyosomeka kwenye beji ya mionzi ya Obadia Tweve.

*

Miaka saba nyuma, Tweve alikuwa fundi mkuu wa kuchomelea. Alifanya kazi wiki tatu kwenye ujia wa nyuma, ile korido nyembamba inayozunguka ukuta wa tanuri, akibadilisha mabomba. Alipotoka, beji aliyovaa kifuani ilionyesha kwamba amepokea mionzi mara sitini zaidi ya ile iliyotakiwa kuwepo mle. Tume ya uchunguzi ikaundwa. Mtu angeweza kupata mionzi kiasi kile sehemu moja tu, ndani ya mlango wa pili, mahali palipokatazwa. Tweve akasema hakuvuka ule mlango. Kamera ya pale ilikuwa mbovu mwezi ule.

Tume ikamgeukia Tusekile. Swali lilikuwa fupi: je, inawezekana mionzi hiyo ikampata mtu akiwa kwenye ujia? Akafanya hesabu kwa siku tano, akaja na jibu. Haiwezekani. Sifuri. Akaweka sahihi.

Tweve alifukuzwa kwa kosa la kuingia mahali palipokatazwa na kusema uongo mbele ya tume. Leseni yake ya ufundi ilifutwa, na jina lake likatolewa kwenye orodha ya wafanyakazi wanaotibiwa na tanuri, kwa kuwa madhara yale alijitakia mwenyewe. Siku anaondoka alimkuta Tusekile getini. Walikuwa wamezoeana, jioni nyingi walikuwa wamekaa pamoja kwenye ngazi za nyuma wakisikiliza mpira redioni, na Tweve alizoea kumwita dada. Siku hiyo alimwambia, "Mimi sikuingia mle, Dokta." Tusekile akamjibu kwa upole kwamba hesabu haina chuki na mtu. Aliona lilikuwa jibu jema. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Sasa alifanya anachofanya mtu anayetaka kukuta amekosea. Alirudia hesabu mara tatu kwa mashine tofauti. Alibadilisha hiki, akapunguza kile. Namba zikaja elfu moja mia tatu na tano, elfu moja mia tatu na kumi na nane, elfu moja mia tatu na kumi. Siku ya tatu akafungua programu yake ya zamani, akaanza kuisoma mstari kwa mstari.

Ndani ya tanuri kuna gesi yenye joto kuliko kiini cha jua, na chembe zake hazihesabiki. Hakuna mashine inayoweza kuifuata kila moja. Kwa hiyo unatengeneza chembe za mfano, kila moja ikisimama badala ya mabilioni ya chembe halisi, na kila moja unaipa kasi yake kwa kuchota kutoka kwenye mgawanyo wa kasi. Nyingi zina kasi ya katikati. Chache ni za polepole. Na upande wa mwisho, kwenye mkia wa mgawanyo, kuna chache mno zenye kasi kubwa sana. Programu ya zamani ilichota kama bahati nasibu, na mkia ukapata ulichobahatika kupata.

Katika hesabu ya Tweve alikuwa ametumia chembe za mfano milioni arobaini. Alitafuta ni ngapi zilizoangukia kule mwisho wa mkia, kwenye kasi ya kutosha kuushinda uga wa sumaku unaoishikilia gesi, na kutoroka.

Kumi na moja.

Kumi na moja kati ya milioni arobaini. Zote zilikuwa zimeelekea kwingine, na mstari mmoja mfupi wa programu ulikuwa umesema kwamba chochote kinachotegemea chembe pungufu ya ishirini ni kelele tu, kiandikwe sifuri. Mstari huo aliuandika yeye. Pembeni aliweka hata maelezo: *kuondoa takataka*.

Njia mpya haikungoja bahati. Ilipeleka chembe milioni moja kule mkiani makusudi, lakini ikaipa kila moja uzito mdogo, mdogo sana, ili jumla ibaki ya haki na mkia usionekane mnene kuliko ulivyo. Tena ilizipanga kwa nafasi zilizolingana, zisirundikane hapa na kupungua pale. Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya tanuri jipya lililokuwa likisanifiwa, na kwa miezi kumi na minne ilikuwa ndiyo furaha yake pekee. Sasa alizitazama zile chembe nyepesi milioni moja zikizunguka, na elfu tisa kati yake zikichomoka mahali pamoja ambapo uga ulilegea kidogo, zikaugonga ukuta nyuma ya bomba la nne. Nyuma ya ukuta ule, upana wa mikono miwili, ndipo Obadia Tweve alipokuwa amepiga magoti wiki tatu, akichomelea.

Tusekile aliinuka akaenda chumba cha pampu. Nguo zilikuwa zimekauka tangu juzi. Alizikunja moja moja, na alipofika kwenye shuka akashindwa kuikunja peke yake, akaikumbatia hivyohivyo.

*

Mhandisi Kyando, mkurugenzi wa tanuri, angeweza kuongea naye kwenye skrini. Badala yake alipanda mwenyewe kutoka Igolwa, akiendesha gari kwenye barabara ya utelezi, na Tusekile akalihesabu hilo kuwa ni wema. Walikaa kwenye chumba cha chakula chenye viti sitini. Alimwonyesha namba zote. Kyando hakuwa mtu wa mahesabu ya chembe lakini alikuwa mhandisi mzuri, akauliza maswali yaliyo sawa, na mwisho akavua miwani.

"Una uhakika, dada Tusekile?"

"Hata zile za mwanzo nilikuwa na uhakika nazo."

"Hilo siyo jibu."

"Ndiyo, Mhandisi. Safari hii nina uhakika."

Kyando aliitazama tena namba ya mwisho. "Leo nikitoa amri ujia ufungwe, hapa na kwenye matanuri mengine mawili yanayotumia programu yako, kuna mtu yeyote atakayeendelea kuumia?"

"Hapana. Ukuta wenyewe utahimili mwaka, hata miwili. Hatari iko mle kwenye ujia tu."

"Basi nitaufunga leo. Nitasema ni matengenezo." Aliirudisha miwani usoni. "Sasa nisikilize. Sheria unaijua. Ukiandika taarifa kwamba hesabu ya usalama ilikuwa na kosa, tanuri linazimwa siku hiyohiyo hadi ukuta ufunguliwe na ukaguliwe. Siku arobaini, kama mambo yakienda vizuri. Leo ni tarehe ishirini na tisa Mei. Unajua Igolwa ikoje Juni na Julai."

"Najua."

"Zile nyumba hazina mahali pa kuwasha moto. Tulizijenga hivyo sisi wenyewe, tukawaambia watu moto hautakosekana. Kuna wazee mle. Kuna watoto wachanga. Jenereta za dharura zitatosha hospitali na pampu za maji, basi. Mimi sikuambii ufiche. Nakuambia ungoje Septemba. Septemba jua limerudi, tunazima, tunafungua ukuta, unaandika kila kitu. Nitaandika pamoja na wewe."

"Na Tweve?"

"Amengoja miaka saba." Alipoyasikia maneno yake akainamisha macho. "Nisamehe. Lakini ni miezi mitatu na siku chache."

"Kila siku naweka sahihi, Mhandisi. Fomu inasema sijui kasoro yoyote."

"Sahihi ni wino, dada. Baridi ni baridi."

Hakupandisha sauti, na Tusekile hakuona uongo kwenye uso wake. Kyando aliondoka jua likiwa bado juu. Tusekile alisimama mlangoni mpaka gari likapotea kwenye mteremko, kisha akabaki amesimama pale muda, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumrudisha ndani haraka.

*

Kesho yake, Jumamosi, alishuka mjini kwa miguu hadi kituo cha basi cha kwanza, akaulizia anakokaa Tweve. Mwanamke wa kwanza kuulizwa alimtazama mara mbili. "Yule wa tanuri? Nyumba ya mwisho, kule kwenye mikaratusi. Lakini haendi mtu kule."

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, safi, bomba la maji moto likipita chini ya dirisha. Tweve alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya lile bomba, akinoa panga. Kando yake yalilala mapanga na visu vingine vimefungwa vitambaa vyenye alama za wenyewe. Alikuwa amekonda, shingo imelegea ndani ya kola, na macho yote mawili yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, fundi."

Mkono ulisimama juu ya jiwe. Aligeuza uso kuelekea sauti, hakuitikia. Baada ya muda akasema, "Hiyo sauti naijua."

"Ni Tusekile. Wa mahesabu."

"Najua wa nini. Kuna kiti hapo ndani. Kakichukue mwenyewe."

Alikileta, akakaa. Njiani alikuwa amepanga namna ya kuanza, lakini alipofungua kinywa yalitoka kwa mkupuo. "Hukuvuka ule mlango, fundi. Ulikuwa kwenye ujia. Mionzi ilikukuta palepale ulipokuwa unafanya kazi. Hesabu yangu ilikosea."

Tweve aliliweka panga chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Jogoo wa jirani akawika mara mbili.

"Ilikosea vipi?" akauliza hatimaye. "Nieleze nielewe. Mimi siyo mjinga."

"Tuseme nataka kujua watu wa mji huu wanavaa viatu namba ngapi. Siwezi kuwauliza wote, kwa hiyo nawasimamisha mia moja njiani. Nitapata wa thelathini na nane, wa arobaini, wa arobaini na tatu. Mwenye namba hamsini yuko mmoja mji mzima. Hatapita. Hata akipita mmoja, niliiagiza mashine yangu imfute, nikidhani ni kosa la kuandika. Halafu nikasimama mbele ya watu nikasema Igolwa hakuna mtu wa viatu namba hamsini."

"Kumbe yupo."

"Yupo. Ni wachache mno, lakini hao wachache ndio waliokuumiza. Njia mpya inawafuata huko waliko, haingoji wapite."

"Ukaiandika lini, hiyo njia mpya?"

"Imekwisha mwezi huu."

"Zamani haikuwezekana?"

Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Iliwezekana," alisema. "Ilijulikana kwa wengine. Mimi sikuona haja."

Tweve alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia kitu alichokijua. Alianza kuongea bila kumwelekezea uso.

"Watu walisema niliingia kuiba shaba. Unajua? Kwenye kanisa, sokoni. Hawakunitukana hata siku moja. Waliacha tu kunisalimia. Mapanga haya wanayaacha pale getini na kitambaa cha alama, nikimaliza nayarudisha palepale. Mke wangu aliniuliza mara moja. Mara moja tu. 'Baba Neema, kweli hukuingia?' Nikamwambia sikuingia. Akasema sawa. Miaka minne tuliishi baada ya hapo, na kila siku niliona ile sawa yake haijatimia. Amekufa akiwa nayo hivyohivyo." Alipapasa jiwe la kunolea kwa vidole. "Hesabu yako inaweza kumfuata yeye huko aliko?"

Tusekile aliyatazama yale mapanga yaliyofungwa vitambaa.

Kisha alimweleza kuhusu Kyando, kuhusu sheria, siku arobaini, na Septemba. Alimuuliza kuhusu afya. Tweve alisema daktari amemwambia damu yake haitengenezwi tena inavyotakiwa. Kuna tiba ya kubadilishiwa uboho wa ndani ya mifupa, lakini ni ya wenye majina kwenye orodha. Kama angengoja? Daktari hakutaja miezi. Alisema tu isiwe muda mrefu.

"Kwa hiyo nimekuja…" alianza Tusekile.

"Umekuja nikuchagulie."

"Nimekuja kusikia unataka nini."

"Hapana, Dokta. Unataka niseme 'acha liwake, nitangoja,' urudi kule juu moyo mweupe. Au niseme 'zima,' ili mtoto wa mtu akiganda, iwe ni Tweve aliyesema. Ile sahihi ya kwanza uliniuliza mimi?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza, akakohoa hadi akainama. Tusekile aliinuka kumsaidia. Akamzuia kwa mkono. "Uliiweka peke yako. Na hii iweke peke yako."

Alilichukua panga, akaendelea kunoa. Tusekile akarudisha kiti ndani.

*

Jumapili nzima hakufanya kitu. Alitembea kandokando ya ukuta wa nje wa jengo, akazunguka, akazunguka. Alijaribu kufanya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua: watu elfu hamsini, nyuzi mbili chini ya sifuri alfajiri, wazee asilimia tisa, na upande wa pili mtu mmoja. Aliandika ukurasa mzima. Kisha akaona kwamba kwa hesabu hiyo Tweve angetoka sifuri tena, kama alivyotoka mwanzo, na tena kwa mkono wake yeye. Akaikunja karatasi.

Lakini wale wengine nao walikuwa watu, na hilo halikuondoka kwa kuikunja karatasi. Hakuna mahali alipopata amani. Alisubiri impate, haikuja, na asubuhi ya Jumatatu fomu ya siku ilifunguka mbele yake kama kawaida, na chini yake nafasi ya sahihi.

Hakuiweka. Alifungua ukurasa wa taarifa za kasoro, akaandika kwa muda wa saa mbili. Aliambatanisha mahesabu yote, ya zamani na mapya. Kwenye sehemu ya *aliyesababisha* aliandika jina lake kamili. Aliomba kesi ya Obadia Tweve isikilizwe upya kwa haraka. Alimpigia Kyando kabla ya kuituma, ili asikie kwake kwanza.

"Nitahitaji saa sita," alisema Kyando. "Nitoe mablanketi ghalani, nifungue shule watu walale pamoja. Nipe hizo saa sita."

"Nakupa."

"Mungu akusaidie, dada. Na mimi anisaidie."

Saa nane mchana alituma. Saa tisa kasoro robo tanuri lilipokea amri, na taa za ubaoni zikaanza kugeuka moja baada ya nyingine kutoka kijani hadi njano. Pampu zilipunguza mwendo, zikavuta pumzi ndefu, zikanyamaza. Miaka kumi na moja Tusekile hakuwahi kuwa ndani ya jengo lile bila mlio wao. Alisikia viatu vyake mwenyewe, na saa ya ukutani, na baada ya muda alisikia mabomba yakilia kwa kupoa.

*

Ukaguzi ulichukua siku arobaini na tatu. Siku ya kumi na sita waliufungua ukuta. Nyuma ya bomba la nne chuma kilikuwa kimechimbika vishimo vingi vyenye ukubwa wa ukucha, kwenye duara ambalo programu ilikuwa imelichora. Siku ya ishirini tume ilikaa, na ndani ya nusu saa Tweve alisafishwa. Walisoma jina lake, wakasoma kwamba alisema kweli tangu mwanzo. Hakuhudhuria, kwa kuwa ukuta ulipofunguliwa jina lake lilirudishwa kwenye orodha ya matibabu, na alikuwa amekwishapelekwa hospitali kubwa ya Mbeya kwa ndege ndogo ya wagonjwa.

Tusekile alisimamishwa kazi wakati uchunguzi wake ukiendelea. Alihamia Igolwa, akapanga chumba. Alitaka kuipata baridi ile pamoja na wengine, ingawa hakumwambia mtu, na hata angesema hakuna ambaye angemshukuru. Mabomba chini ya madirisha yalipasuka kwa barafu. Watu walilala shuleni, familia tano tano kwenye darasa. Walikata mikaratusi ya barabarani, wakawasha mioto nje, wakaizunguka. Alipokaribia moto wowote, mazungumzo yalikatika na nafasi ikapanuka upande wake. Muuza viazi alimwuzia bila kumtazama. Walikuwa wamemtambua siku ya pili tu.

Siku ya thelathini na moja alifariki Mwalimu Ngogo, mzee wa miaka themanini na mbili aliyefundisha watu wengi wa mji ule kusoma. Mapafu. Alikuwa amekataa kwenda kulala shuleni kwa sababu, alisema, ameamka shuleni miaka arobaini inatosha. Binti yake alimkuta asubuhi amejifunika makoti matatu.

Mazishi yalichelewa, ndugu wakingojwa kutoka mbali. Wakati wa kuzika ulipofika, tanuri lilikuwa limewashwa kwa wiki moja, na maji moto yalikuwa yamerudi kwenye mabomba. Tusekile alikwenda. Alijiuliza usiku kucha kama aende, na asubuhi akavaa khanga yake nyeusi akaenda, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kumwandika yule mzee sifuri.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mabenchi yaliletwa kutoka kanisani, yakapangwa mistari. Alikaa mwisho wa benchi la nyuma, penye wanawake watatu. Wa kwanza alinyanyuka bila kusema kitu, akahamia mbele. Wa pili akamfuata. Wa tatu, mama mtu mzima, alibaki kidogo kama anayeona aibu, kisha naye akajikusanya. Benchi zima likabaki la Tusekile. Mchungaji alianza kusoma. Aliweka mikono magotini na kuitazama, akajikaza asilie, kwa sababu hakuona kama ana haki ya kulia pale.

Walipokuwa katikati ya wimbo wa pili, watu walianza kugeuka. Tweve alikuwa anaingia getini. Kichwa chake kilinyolewa na kufunikwa kofia ya sufu, barakoa usoni, fimbo mkononi. Jicho la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji na lilikuwa safi na kali. Mtu mmoja alimpa mkono. Mwingine akasimama kumpisha mbele, mahali pa wazee. Mwingine tena akasema, "Karibu, fundi," kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu alichokaa nacho muda mrefu. Tweve aliwaitikia wote. Hakukaa. Alisimama akitazama safu hadi safu kwa lile jicho moja, mpaka akafika nyuma.

Akaja. Ilimchukua muda, fimbo ikizama kwenye udongo mbichi. Wimbo ulikuwa umekwisha, na pale palikuwa kimya kabisa alipofika mbele ya lile benchi tupu.

Hakupaza sauti, lakini ilisikika. "Tanuri lilizimwa kwa ajili ya jina langu," aliwaambia waliogeuka. "Mwalimu alinifundisha kusoma, na amekufa kwa baridi iliyonirudishia jina. Mwenye lawama, anigawie na mimi."

Mchungaji alisubiri, kisha akafungua kitabu upya, na vichwa vikarudi mbele kimoja kimoja.

Tweve alimwinamia Tusekile. Karibu hivyo, alinuka dawa.

"Sijakusamehe," alisema polepole.

"Najua, fundi."

"Sogea, nikae."